Ukuta Unaosomeka: Sifa za Mafundi wa Vigae wa Lisbon

Kigae cha Lisbon kina kiasi cha sentimita 14 kila upande. Kikiwa peke yake, mara nyingi hakieleweki: nusu ya jani, pindo la joho, mawimbi mawili na ncha ya kasia. Kikipangwa ukutani pamoja na wenzake mia tatu, jani linapata mti wake, joho linapata mtu wa kulivaa, na kasia linaingia mkononi mwa mvuvi anayevuka mto. Fundi aliyekichora alibeba vyote viwili kichwani kwa wakati mmoja: kipande kilichokuwa mbele yake, na ukuta mzima wa nyumba ambayo pengine hakuwahi kuikanyaga.

Wageni wengi wanaofika Lisbon kwa likizo huja na orodha yao: tramu nambari 28, Mnara wa Belém, monasteri ya Jerónimos, vile vikeki vya maziwa na mayai, na makumbusho mawili au matatu. Orodha hiyo haina kasoro. Lakini popote inapompeleka mgeni, vigae vimemtangulia. Vimo kwenye kuta za makanisa na ngazi za makasri. Vimo kwenye hospitali kongwe ya São José, ambayo zamani ilikuwa chuo cha Wajesuiti. Vimo kwenye mikahawa, kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, na kwenye nyumba za kawaida zilizoanikwa nguo madirishani. Katika miji mingi ya Ulaya sanaa kubwa hukaa nyuma ya lango lenye tiketi. Lisbon, sanaa ileile iliyowekewa taa na mlinzi ndani ya makumbusho imebandikwa pia mtaani, inapigwa jua, inaoshwa na mvua, na watu wanaipita wakienda kazini.

Ndiyo maana ufundi huu, ambao Wareno huuita azulejo, unastahili sifa za peke yake. Ni sanaa iliyokubali kutumika: kuzuia unyevu, kupoza chumba, kurahisisha usafi, huku ikisimulia hadithi. Tena ni sanaa inayoonyesha wazi ni mikono mingapi, na ya nchi ngapi, iliyohitajika kuupamba mji mmoja. Mgeni akijifunza kidogo tu jinsi kigae kinavyotengenezwa, mji mzima unabadilika mbele ya macho yake.

Kazi inaanza na udongo. Hukandwa, hutandazwa, hukatwa miraba, kisha huachwa ukauke polepole, kwa sababu ukiharakishwa hupinda, na kigae kilichopinda hakikai sawasawa na jirani yake. Huchomwa tanurini mara ya kwanza. Kinachotoka humo ni kigae kigumu lakini chenye kiu, kinachonyonya maji mara tu yanapokigusa. Fundi hukimwagia juu yake uji mweupe uliochanganywa mchanga uliosagwa, risasi na bati. Udongo huyanywa maji papo hapo, na juu hubaki tabaka la unga mweupe mkavu.

Juu ya unga huo ndipo picha inapochorwa. Bati ndilo linaloupa unga weupe usiopenya mwanga, hata rangi ya udongo ulio chini isionekane. Na ndilo linaloifanya rangi itulie mahali ilipowekwa badala ya kutiririka motoni. Vigae husimamishwa pamoja katika mpangilio wa ukuta. Fundi huchukua karatasi yenye mchoro uliotobolewa kwa sindano kufuata mistari yake, akaibandika juu ya vigae, akaipigapiga kwa kifuko chenye unga wa makaa. Akiiondoa, huachiwa vitone vyeusi vinavyomwelekeza. Kutoka hapo ni yeye na brashi yake.

Na brashi hairudi nyuma. Kuchora hapo ni kama kuandika juu ya unga wa ngano uliotandazwa kwenye sinia: ukisita, doa linatanuka, ukikandamiza, unga unabanduka, ukikosea, hakuna kufuta. Zaidi ya hayo, fundi huchora rangi asiyoiona. Kobalti ikiwa mbichi haina ule uang'avu wa buluu unaojulikana dunia nzima. Shaba haijawa kijani, manganizi haijawa zambarau, antimoni haijawa manjano. Rangi zote hizo huzaliwa kwenye moto wa pili, unaokaribia nyuzi 1,000, pale unga unapoyeyuka na kuwa kioo na kuifunga picha ndani yake. Miaka mingi ya mazoezi humfundisha fundi aone kwa akili kile ambacho macho hayajaonyeshwa.

Nyuma ya kila kigae kuna siri nyingine. Kabla ya kuvitenganisha vigae kwa ajili ya tanuri, fundi huviandika mgongoni herufi na tarakimu: herufi kwa mstari, tarakimu kwa nafasi. Anayevibandika ukutani kwa chokaa na mchanga ni mtu mwingine kabisa, mwashi ambaye labda yuko mji wa mbali, na alama hizo ndizo mazungumzo pekee kati yao. Pale ambapo ukuta ulibomoka na vigae vikarudishwa kwa haraka, mgeni mwenye jicho huweza kumwona malaika mwenye mguu wa farasi, au meli yenye wingu mahali pa tanga.

Wareno hawakuubuni ufundi huu. Waliupokea kutoka Seville, kusini mwa Hispania, ambako mafundi waliurithi kwa Waislamu walioitawala nchi hiyo kwa karne nyingi. Mfalme Manuel wa Kwanza alitembelea Hispania mwaka 1498, na baada ya hapo aliagiza vigae vingi kutoka Seville kwa ajili ya kasri lake la Sintra, mwendo mfupi wa treni kutoka Lisbon. Kasri hilo lingali wazi kwa wageni, na vigae vingi viko palepale vilipobandikwa. Ni nakshi za mistari inayofungana na kufunguana, nyota zinazozaa nyota, bila sura ya mtu wala mnyama. Mtu aliyezoea milango ya Zanzibar na Lamu hatajiona mgeni mbele ya kuta hizo. Hesabu iliyozipanga ni ya ukoo mmoja na ile iliyomwongoza mchonga mlango.

Vigae vya Sintra vilitengenezwa kabla mbinu ya kuchora juu ya unga mweupe haijaenea. Wakati huo rangi mbili zilizokaribiana zilichanganyika motoni, kwa hiyo fundi alizitenga: ama kwa mstari wa mafuta uliotiwa manganizi, ama kwa kingo ndogo zilizoinuliwa katika udongo wenyewe. Kingo hizo zinaonekana mwanga ukija kwa upande. Aliyeleta mbinu mpya Seville ni Francisco Niculoso, Mwitalia wa Pisa, mwishoni mwa karne ya 15. Kutoka hapo kigae kikageuka turubai. Wareno wakajifunza, na katika nusu ya pili ya karne ya 16 Lisbon ikawa na mabingwa wake. Katika kanisa la São Roque, lenye uso wa nje usio na mapambo makubwa, kuna vigae vilivyotiwa sahihi ya Francisco de Matos na mwaka 1584. Buluu, manjano na kijani vyake havijachuja.

Mahali pa kuyaona haya yote kwa mpangilio ni Makumbusho ya Taifa ya Azulejo, yaliyomo ndani ya konventi ya Madre de Deus, iliyoanzishwa na Malkia Leonor mwaka 1509. Jengo lenyewe ni sehemu ya mkusanyiko: kanisa lake limevishwa vigae vya buluu na nyeupe vilivyoagizwa Uholanzi, juu yake kukiwa na mbao zilizopakwa dhahabu. Humo mna ukuta wa altare wa Bikira Maria uliotengenezwa karibu mwaka 1580 kwa vigae vipatavyo 1,500. Ukiutazama kutoka mbali, unaona nguzo za mawe, masanamu ndani ya vidaka, na picha iliyozungushiwa fremu. Ukiukaribia, nguzo hakuna, vidaka hakuna. Kila kitu ni bapa, ni kivuli kilichopakwa kwa ustadi.

Kuna paneli za mwishoni mwa karne ya 18 ambazo mtu hapaswi kuzipita kwa haraka. Ni saba, na zinasimulia maisha ya António Joaquim Carneiro, mtengeneza kofia. Anaonekana kwanza akiwa kijana fukara anayechunga mifugo, kisha akiifuata njia ya kwenda Lisbon kwa miguu, akijifunza kazi, akifungua biashara, hadi anakuwa bwana mwenye nyumba na mavazi ya heshima. Kwa karne nyingi ukuta wa vigae uliwatukuza watakatifu, wafalme na majemadari. Hapa mtu wa mikono aliagiza mafundi wenzake waandike kwa kobalti jinsi kazi ilivyomwinua, na wakampa nafasi ileile waliyozoea kuwapa wakuu.

Paneli inayowakusanya watu wengi zaidi ni ile ndefu iliyoko ghorofa ya juu. Ina urefu wa mita 23 hivi, ilichorwa karibu mwaka 1700, na wataalamu huihusisha na Gabriel del Barco, mchoraji mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Lisbon. Ni picha ya mji wenyewe ukitazamwa kutoka mtoni, kilomita baada ya kilomita ya ufuko: kasri la mfalme kando ya maji, minara ya makanisa, meli zilizotia nanga, mashua, watu wadogo kama punje wakishuka ngazi kwenda gatini.

Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Siku ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa, ardhi ilitetemeka. Majengo yalianguka, bahari ikarudi nyuma kisha ikaja juu ya mji, mishumaa na majiko yakawasha moto ulioendelea kwa siku kadhaa. Kasri lililo kwenye paneli likapotea, pamoja na maktaba yake na picha zake. Turubai ziliungua, karatasi ziliungua, mbao ziliungua. Vigae, ambavyo tayari vilikuwa vimekwisha kupita motoni, vilisalia. Leo wanahistoria wanaotaka kujua mtaa fulani wa Lisbon ulikuwaje kabla ya tetemeko huja kusimama mbele ya ukuta huu na kuusoma jengo moja moja.

Maafa hayohayo yaliusukuma ufundi mbele. Marquês de Pombal, waziri aliyesimamia ujenzi mpya, alitaka mji uinuke upesi, wenye barabara zilizonyooka na nyumba zenye kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili ziweze kuhimili mtikisiko. Vigae vilihitajika kwa maelfu, kwa bei nafuu, vya michoro inayojirudia. Mwaka 1767 kikafunguliwa Kiwanda cha Kifalme cha Rato. Wakati huohuo wakazi wa kawaida walianza kuweka juu ya milango yao paneli ndogo za watakatifu waliowaombea ulinzi dhidi ya tetemeko na moto. Nyingi bado zipo katika mtaa wa Alfama, na mgeni anayepanda vichochoro vyake huzikuta juu kidogo ya usawa wa kichwa.

Hadi hapo, kwa sehemu kubwa vigae vilikuwa vya ndani: makanisa, ngazi, bustani za wakubwa. Karne ya 19 ndiyo iliyovitoa nje hadi vikafunika nyumba nzima. Wareno waliorudi na mali kutoka Brazil walizipenda nyumba zenye uso wa vigae, na viwanda vikaja na mbinu za kasi zaidi, kama vile kupaka rangi kupitia karatasi zilizokatwa nakshi. Ukuta wa namna hiyo hauhitaji kupakwa upya kila baada ya miaka michache. Hukinga mvua ya majira ya baridi na jua la Julai, na huoshwa kwa maji tu. Karibu na mtaa wa Chiado iko nyumba iliyochorwa mwaka 1864 na Luís Ferreira, maarufu kwa jina la Ferreira das Tabuletas, ikiwa na watu wakubwa wa rangi ya manjano wanaowakilisha Ardhi, Maji, Biashara, Viwanda, Sayansi na Kilimo. Fundi huyohuyo ndiye aliyeuchora uso wa jengo la Viúva Lamego kwenye uwanja wa Intendente, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1849, na jengo lenyewe likawa tangazo la bidhaa zake.

Katikati ya karne ya 20 wasomi wengi waliuona ufundi huu kuwa umepitwa na wakati, kitu cha majiko na mabucha. Aliyewabadilisha mawazo kwa kiasi kikubwa ni mwanamke mmoja. Treni za chini ya ardhi za Lisbon zilipofunguliwa Desemba 1959, vituo vyake vilikuwa vimesanifiwa na Francisco Keil do Amaral, na mkewe, Maria Keil, alivibunia kuta za vigae. Hakuchora watakatifu wala meli. Alitumia pembetatu, mistari na vivuli vya rangi vinavyojirudia, vinavyogeuka kidogo kila hatua, ili mtu anayeshuka ngazi aone ukuta ukienda naye. Kazi yake katika kituo cha Intendente huhesabiwa kuwa bora kuliko zote. Nauli ya treni ndiyo tiketi ya kuiona, na hadi leo vituo vipya hupewa wasanii wa vigae.

Hakuna msafiri kutoka pwani ya Afrika Mashariki anayeweza kuusifu mji huu kwa haki bila kufika Belém na Janelas Verdes. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa amri ya Mfalme Manuel, na sehemu ya gharama zake ilitoka kwenye kodi ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Mashariki. Mawe yake ya chokaa yamechongwa kamba za meli, matawi na viumbe vya baharini. Ndani ya kanisa limelazwa jeneza la mawe la Vasco da Gama. Chumba cha kulia cha watawa kina vigae vya miaka ya 1780 vinavyosimulia habari za Yusufu nchini Misri. Yote ni kazi ya hali ya juu, na yote ina hesabu ya malipo nyuma yake.

Hesabu hiyo imeandikwa kwa herufi za wazi kwenye kitu kimoja katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, yaliyopo barabara ya Janelas Verdes. Ni chombo cha dhahabu cha kuonyeshea Ekaristi, kazi ya sonara Gil Vicente, kilichokamilika mwaka 1506. Kina urefu wa sentimita 73. Katikati kuna kioo cha mviringo, na kukizunguka wamepiga magoti mitume 12, kila mmoja na uso wake, ndevu zake, namna yake ya kukunja vidole. Juu yao kuna njiwa mdogo, na juu zaidi Mungu Baba ndani ya kibanda cha dhahabu kilichotobolewa kama kimia. Mavazi ya mitume yametiwa rangi ya enameli, yaani kioo kilichosagwa na kuyeyushwa juu ya dhahabu. Sonara alifanya kwa dhahabu kile ambacho fundi wa vigae hufanya kwa udongo: aliweka unga usio na mvuto, akauachia moto umalize kazi.

Na kuzunguka tako la chombo hicho kuna maandishi yanayosema kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya ushuru wa Kilwa.

Ushuru huo haukuwa biashara. Vasco da Gama alifika Kilwa mwaka 1502 akiwa na kundi la meli zenye mizinga, akamtishia mtawala wake, Amir Ibrahim, akaondoka na dhahabu na ahadi ya kulipwa kila mwaka. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, akaja na jeshi, mji ukatekwa na kuporwa. Dhahabu yenyewe ilikuwa imefika Kilwa kwa kupitia Sofala, ikitoka nyanda za juu za Zimbabwe, na kwa biashara hiyo Kilwa ilikuwa imejijengea Msikiti Mkuu na kasri la Husuni Kubwa. Mswahili anayesimama mbele ya kabati lile la kioo ana haki ya kushikwa na mambo mawili kwa pamoja: kuvutiwa na mkono wa sonara, na uchungu wa njia iliyoileta mali mezani kwake. Ni vizuri kwamba maneno yamo kwenye chombo chenyewe. Hakuna haja ya kumsubiri mwongozaji alitaje jina la Kilwa, dhahabu inalitaja.

Tena Kilwa haikuwa na mali ya kuchukuliwa tu. Ilikuwa na ufundi, na ufundi huo unamsaidia mtu kuielewa Lisbon vizuri zaidi. Miongo kadhaa kabla ya meli za Wareno, waashi wa Kilwa Kisiwani walijenga msikiti mdogo wa makuba ambao unasimama hadi leo, na ndani ya makuba yake walipachika mabakuli yaliyong'arishwa kwa kioo. Huko Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na Mambrui, kaskazini mwa Malindi, nguzo za makaburi zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyozamishwa kwenye chokaa. Katika majumba ya Lamu kuta za zidaka zilibeba sahani za kaure safu juu ya safu. Waashi wa pwani walijua, kabla ya Lisbon kujivika buluu, kwamba kioo juu ya udongo kinaweza kuupa ukuta wa matumbawe mwanga ambao rangi ya kawaida haiwezi kuutoa. Walijua pia jinsi ya kuzamisha bakuli kwenye chokaa mbichi kwa kina kinachotosha kulishika na kisichozidi hadi kulifunika.

Pande zote mbili zimepata adui mmoja. Kigae cha karne ya 18 ni kidogo, kinabebeka, na kina bei. Kwa miaka mingi wezi waliingia usiku katika nyumba tupu za Lisbon wakavibandua, na vingine vikatokea kwenye magulio kama Feira da Ladra, vikiuzwa kimoja kimoja kwa watalii ambao hawakujua kwamba wamenunua jicho la mtakatifu aliyebaki ukutani akiwa kipofu. Pwani yetu mambo ni yaleyale: kwenye nguzo nyingi za makaburi mabakuli yamechokolewa, na kilichobaki ni tundu la mviringo.

Ureno imeamua kupambana. Mwaka 2007 makumbusho ya polisi wa upelelezi yalianzisha mradi uitwao SOS Azulejo, unaotangaza hadharani picha za vigae vilivyoibwa ili muuzaji na mnunuzi wote wajue wanachokishika, na wizi unaoripotiwa ukapungua sana. Mwaka 2017 sheria ikapitishwa kuzuia kubomoa au kubandua vigae vya nje ya nyumba bila sababu inayokubalika. Tarehe 6 Mei imetengwa kuwa Siku ya Taifa ya Azulejo, na watoto wa shule huchora vyao. Huko Porto manispaa ina ghala la vifaa vya majengo ya kale: mwenye nyumba aliyepungukiwa vigae hupeleka mfano wa alivyo navyo, wahudumu humtafutia vinavyofanana miongoni mwa vilivyookolewa kwenye majengo yaliyobomolewa, naye hupewa bila malipo ili ukuta wake ukamilike. Kama havipo, viko viwanda vinavyoweza kuvitengeneza upya kwa mkono. Sant'Anna ya Lisbon inafanya kazi hiyo tangu 1741.

Mgeni naye ana sehemu yake. Akitaka kurudi nyumbani na kigae, anunue kipya kutoka kwa fundi aliye hai, ambaye jina na kazi yake vinahitaji mteja, aache cha kale kikae au kirudi ukutani kwake.

Na wale wanaosimamia urithi wa pwani wana mfano wa kuchukua ambao hauhitaji fedha nyingi. Mabakuli yaliyobaki Kunduchi, Mambrui na Kilwa Kisiwani yanahesabika. Kila moja linaweza kupigwa picha, kupimwa upana wake, kuandikiwa mahali lilipo kwenye nguzo au kuba, na orodha hiyo kuwekwa wazi kwa polisi, kwa forodha na kwa wanafunzi wa vijiji vya jirani. Waashi wa chokaa wangali wapo Lamu na Unguja, na wanaweza kulipwa kuziba nyufa kabla mvua ya masika haijalegeza bakuli lingine.